Insulini haiozi kama maziwa, hukunjuka

MOJAWAPO ya maswali ninayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa wa kisukari ni hili: je, mtu asiye na friji nyumbani anaweza kutumia insulini? Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kujijibu wenyewe. Wameambiwa kliniki kwamba dawa hii ni lazima ikae mahali pa baridi. Friji hawana, au wanayo lakini stima hupotea siku mbili kwa wiki.

Matokeo yake ni mengi. Kuna wanaokataa kabisa kuanza sindano. Kuna wanaotupa chupa nzima, waliyoinunua kwa shida, kwa kuwa ililala mezani usiku mmoja. Na kuna wale wanaonitia wasiwasi zaidi: wanaoisukuma chupa hadi karibu na chumba cha barafu wakidhani kwamba baridi ikizidi dawa itadumu zaidi. Insulini huganda, nao huiyeyusha na kuendelea kujidunga, huku sukari ikipanda bila wao kujua sababu.

Makosa haya yote yana mzizi mmoja, nao ni dhana kwamba insulini huharibika kama maziwa, yaani kwa kuoza. Sivyo. Insulini huharibika kwa kupoteza umbo lake. Mtu akilielewa jambo hili vizuri, atajua mwenyewe la kufanya na la kuepuka hata mahali ambapo hakuna daktari wa kumwuliza. Leo basi tutaeleza umbo hilo ni lipi, hupotea vipi, na jinsi wanakemia walivyofaulu kubuni chombo kidogo mno, chenye umbo la boga, kinachoweza kuishika insulini isikunjuke.

Uzi uliokunjwa

Insulini ni protini. Hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, na kazi yake ni kuziwezesha seli za mwili kuichukua sukari iliyo katika damu. Mtu ambaye kongosho lake limeacha kuitengeneza hana budi kuipata kwa sindano, la sivyo atakufa. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya mwaka 1921, wakati Frederick Banting na Charles Best walipofaulu kuipata insulini mjini Toronto, Kanada. Mgonjwa wa kwanza kudungwa, Januari 1922, alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson. Alikuwa amekonda na yu karibu kufa, naye akapata nafuu.

Kila protini imeundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vilivyounganishwa mmoja baada ya mwingine kama shanga katika uzi. Insulini ina shanga 51 tu, jambo linaloifanya kuwa ndogo ikilinganishwa na protini nyingi za mwilini. Shanga hizo ziko katika nyuzi mbili: uzi A wenye shanga 21 na uzi B wenye shanga 30. Nyuzi hizo zimefungwa pamoja kwa vifundo viwili vya salfa. Mwingereza Frederick Sanger ndiye aliyeipanga orodha ya shanga hizo moja baada ya nyingine, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Lakini orodha ya shanga haitoshi. Uzi ulionyooka hauna kazi yoyote. Ni lazima ujikunje kwa namna maalumu, sehemu hii ikilalia ile, mpaka upate umbo. Umbo hilo lilionekana waziwazi mwaka 1969, wakati Dorothy Hodgkin na wenzake wa Oxford walipolisoma kwa miale ya eksirei. Umbo ndilo linaloifanya insulini itambuliwe na seli. Juu ya seli za misuli na mafuta kuna vipokezi, yaani sehemu zilizochongwa tayari kuipokea insulini na si kitu kingine. Insulini ikikaa katika kipokezi chake, seli hupata ishara na kufungulia sukari. Insulini iliyopoteza umbo ni kama ufunguo uliopindwa: chuma ni kile kile, lakini kufuli haifunguki.

Hata hivyo, tusije tukadhani kwamba umbo hilo ni gumu kama ufunguo wa chuma. Protini hii hunyumbuka. Ncha za uzi B hucheza huku na huku, hufunguka na kujifunga. Kunyumbuka huku si kasoro. Insulini inapofika kwenye kipokezi, mwisho mmoja wa uzi B hulazimika kufunguka kama mlango ndipo ikae sawasawa. Ingekuwa ngumu kama jiwe, isingefanya kazi. Kwa hivyo tabia ile ile inayoifanya insulini kuwa dawa ndiyo inayoifanya kuwa rahisi kuharibika.

Jinsi inavyoharibika

Baadhi ya shanga za insulini hupenda maji, na nyingine huyakimbia kama mafuta yanavyoyakimbia. Uzi unapojikunja, zile zenye tabia ya mafuta hujificha ndani, na zile zinazopenda maji hukaa nje. Insulini inapotikiswa sana, au inapopata joto kali, hukunjuka kidogo na zile shanga za mafuta hujitokeza nje. Hapo hutafuta mahali pa kujificha tena. Zikikutana na shanga za mafuta za insulini nyingine iliyokunjuka, hushikana. Ya tatu huja, na ya nne, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu ambazo haziwezi kurudi zilivyokuwa.

Mama yeyote aliyewahi kuchemsha yai amekwisha kuona jambo linalofanana na hili. Ute wa yai ni protini zilizojikunja, tena ni maji maji na unapenyeza mwanga. Ukipata moto, protini hukunjuka, hushikana na kuwa nyeupe ngumu. Ukiliweka yai hilo katika friji halirudi kuwa bichi. Vivyo hivyo, insulini iliyokwisha kushikana haiponi kwa kurudishwa kwenye baridi.

Adui wa umbo hili ni wanne. Wa kwanza ni joto kali, hasa la jua la moja kwa moja. Wa pili ni mtikiso. Kila chupa inapotikiswa, dawa huchanganyika na hewa, na pale maji yanapokutana na hewa ndipo insulini hukunjuka kwa urahisi zaidi, kwa sababu shanga zake za mafuta hupenda kuelekea upande wa hewa. Wa tatu ni barafu. Maji yanapoganda huisukuma insulini ikabanana mahali pamoja, na ikiyeyuka huwa imekwisha kushikana mabonge. Wa nne ni muda. Hata katika friji, insulini huharibika polepole, ndiyo maana kila chupa ina tarehe yake.

Msomaji ataona kwamba vijidudu havimo katika orodha hii. Insulini haiozi. Chupa imetiwa dawa za kuzuia vijidudu, na hizo ndizo zinazotoa ile harufu kali ya hospitali ambayo kila anayejidunga anaijua.

Namna inavyoshikwa sasa

Watengenezaji wa insulini wameujua udhaifu huu kwa miaka mingi, na wanao ujanja wa kuukabili. Mwaka 1934 mtafiti wa Toronto, D. A. Scott, aligundua kwamba insulini hujipanga vizuri ikiwa kuna madini ya zinki. Leo tunajua kwamba insulini sita hukusanyika na kuzizunguka chembe za zinki, kama watu sita walioshikana mikono na kugeuzia migongo nje. Zikiwa zimeshikana hivyo, shanga zao za mafuta hufichika na hazipati nafasi ya kukunjuka. Zile dawa zenye harufu nazo husaidia kuukaza mduara huo.

Lakini ujanja huu una gharama. Insulini sita zilizoshikana ni mzigo mkubwa usioingia katika damu upesi. Baada ya sindano ni lazima mduara uvunjike kwanza, na kila insulini iende peke yake. Ndiyo sababu anayetumia insulini ya kawaida isiyo na ukungu huambiwa ajidunge nusu saa hivi kabla ya kula. Wagonjwa wengi hudhani hiyo ni amri tu ya daktari. La hasha, ni muda wa zinki kuachilia.

Wanasayansi walitengeneza baadaye insulini za kasi, ambazo shanga zake chache zimebadilishwa ili mduara uvunjike haraka. Mgonjwa anaweza kujidunga na kuketi mezani papo hapo. Lakini insulini inayoachana haraka ndiyo hiyo hiyo iliyo rahisi kukunjuka. Hapa ndipo wanakemia walipokwama kwa muda mrefu: ukiishika sana, inachelewa, ukiilegeza, inaharibika. Walihitaji kitu cha kuishika kila insulini peke yake, bila kuifunga na wenzake, na ambacho kingeiachilia mara tu ikifika mwilini.

Boga la maabara

Kitu hicho kilikuwa kimekwisha kutengenezwa zamani bila mtu kujua kitatumika wapi. Mwaka 1905 mwanakemia wa Ujerumani, Robert Behrend, alichanganya kemikali itokanayo na yurea pamoja na fomaldehaidi, ile iliyomo katika fomalini ya kuhifadhia maiti. Akapata unga mweupe asioweza kuueleza. Unga huo ulikaa miaka 76 katika vitabu. Mwaka 1981 William Mock na wenzake wa Chicago, Marekani, waliuchunguza upya na kuliona umbo lake: ni pete nene, iliyotokeza ubavuni, iliyo wazi juu na chini, na yenye uvungu katikati. Ilifanana mno na boga lililokatwa juu na chini na kutolewa mbegu. Kwa kuwa jamii ya maboga huitwa Cucurbitaceae kwa Kilatini, walikiita kitu hicho kukabiturili.

Mwaka 2000 Kimoon Kim na wenzake wa Korea Kusini walitangaza kwamba wamefaulu kuyatenga maboga ya ukubwa mbalimbali. Linalotuhusu sisi ni lile lenye vipande saba. Urefu wake haufiki sehemu moja ya milioni ya milimita. Uvungu wake una tabia ya mafuta, na kingo zake za juu na chini huvuta vitu vyenye chaji chanya ya umeme.

Sasa turudi kwenye insulini. Shanga ya kwanza kabisa ya uzi B huitwa fenilalanini. Ni shanga yenye tabia ya mafuta, tena kwa kuwa iko mwanzo wa uzi, ina chaji chanya pembeni yake. Yaani ina mambo yote mawili ambayo boga linayatafuta: mafuta ya kujaza uvungu na chaji ya kukaa ukingoni. Mwaka 2011 Adam Urbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Trinity, mjini San Antonio, Texas, walionyesha kwamba boga hilo huitambua insulini na kuishika hapo hapo kwenye shanga ya kwanza, kwa nguvu nyingi kuliko linavyozishika protini nyingine kubwa zisizo na shanga ya namna hiyo mwanzoni mwa uzi. Insulini iliyonyimwa shanga hiyo haikushikwa vivyo.

Hii ndiyo maana ya kipokezi bandia. Mwili una vipokezi vyake ilivyoumbwa navyo. Hiki kimetengenezwa na binadamu katika chupa ya maabara, wala si protini, lakini kinaitambua insulini na kuishika.

Watafiti hao walipoipiga picha ya eksirei insulini ikiwa imeshikwa, waliona jambo la ajabu kidogo. Shanga ile ya kwanza kwa kawaida hulala ikiegemea mwili wa insulini. Ili iingie ndani ya boga, ule mwanzo wa uzi ulikuwa umefunguka na kujinyoosha. Maana yake ni kwamba boga liliweza kuishika insulini kwa sababu insulini hunyumbuka. Linangojea uzi ujitokeze katika kucheza kwake, kisha linaudaka. Na bahati njema ni kwamba shanga hiyo ya kwanza siyo inayotumika kufungua mlango wa seli. Hata ikiondolewa kabisa, insulini huendelea kufanya kazi. Kwa hiyo kuishika hapo ni kama kuushika ufunguo kwenye tundu la mnyororo wake, si kwenye meno.

Boga lenye mkia

Boga peke yake halikutosha. Mwaka 2016 Matthew Webber, Robert Langer, Daniel Anderson na wenzao walieleza jinsi walivyoliunganisha boga na mkia mrefu wa kemikali iitwayo polietilini glaikoli. Hii si kemikali ngeni hospitalini, kwani hutumika pia katika dawa za kulainisha choo. Mkia huo hupenda maji sana. Boga linapoishika insulini, mkia huelea na kuchezacheza pande zote, na kwa hivyo insulini ya jirani haipati nafasi ya kusogea karibu na kushikana. Boga hushika, na mkia hufukuza majirani.

Matokeo yalistaajabisha. Insulini iliyowekwa katika joto la mwili, nyuzi 37, na kutikiswa bila kupumzika, iliganda baada ya saa chache tu. Ile iliyoshikwa na boga lenye mkia ilikaa siku 100 bila kuganda. Tena boga halikuwa limefungwa kwa gundi. Hushika na kuachia, hushika na kuachia. Katika chupa, ambamo maboga ni mengi na yamesongamana, insulini ikiachiwa hudakwa tena mara moja. Ikidungwa chini ya ngozi na kuchanganyika na maji mengi ya mwili, maboga hutawanyika na insulini hubaki huru. Lakini watafiti waliona pia kwamba urefu wa mkia una athari: katika panya wa maabara, mkia ukiwa mrefu insulini ilifanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2020 kundi la Eric Appel wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitumia boga hilo hilo kuchanganya insulini ya kasi na homoni nyingine, pramlintaidi, ambayo kwa kawaida haiwezi kukaa nayo katika chupa moja. Mchanganyiko huo ulivumilia kutikiswa kwa zaidi ya saa 100 katika nyuzi 37, ilhali insulini ya kasi inayouzwa madukani iliganda baada ya saa 10 hivi. Ulijaribiwa kwa nguruwe wenye kisukari, na ulifanya kazi.

Je, dawa hii inapatikana katika maduka yetu? Hapana. Kutoka kwa panya na nguruwe hadi kwa binadamu ni safari ndefu. Ni lazima ijulikane kwamba boga, likidungwa kila siku kwa miaka mingi, halimdhuru mtu kwenye figo wala ini, na kwamba halishiki vitu vingine mwilini visivyopaswa kushikwa. Ni lazima pia bei yake iwe ile ambayo mkulima wa Bungoma au mvuvi wa Lamu ataimudu. Dawa inayostahimili joto lakini isiyonunulika haitamsaidia anayeishi kwenye joto hilo.

Yaliyopatikana hapa kwetu

Wakati tukingojea, kuna habari njema ambazo hazihitaji boga wala mkia, na sehemu yake ilitoka hapa Kenya. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, kaunti ya Garissa, wagonjwa wa kisukari wasio na friji walilazimika kwenda hospitali kila walipohitaji sindano, hata zaidi ya mara moja kwa siku. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la ndani ya nyumba hizo na kukuta hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, wakaiweka insulini ya aina mbalimbali katika joto lililopanda na kushuka vivyo hivyo kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini hiyo ilikuwa sawa na ile iliyokaa katika friji. Nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia moja.

Mwaka 2023 wataalamu wa taasisi ya Cochrane walikusanya takwimu zilizokuwapo, zikiwemo za watengenezaji wenyewe. Walikuta kwamba aina fulani za insulini ya binadamu, katika chupa zisizofunguliwa, zinaweza kukaa katika nyuzi 25 hadi miezi sita, na katika nyuzi 37 hadi miezi miwili, bila kupoteza nguvu kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Hii haina maana kwamba mwenye friji aache kuitumia. Wala haina maana kwamba insulini huvumilia kila joto. Chini ya paa la mabati lisilo na dari huko Lodwar, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto huzidi nyuzi 37 kwa mbali. Maana yake ni moja: kukosa friji si sababu ya kukosa insulini.

Mambo ya kuzingatia

1. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae katika friji ikiwa unayo, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na chumba cha barafu. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.

2. Chupa uliyoianza inaweza kukaa nje ya friji, mahali penye kivuli na ubaridi. Andika juu yake tarehe uliyoifungua na uimalize katika wiki nne, au kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake.

3. Usiiweke dirishani, juu ya televisheni, karibu na jiko wala juu ya kabati lililo karibu na mabati. Ukisafiri, usiiache ndani ya gari wala katika sanduku la bodaboda lililo juani.

4. Asiye na friji atumie mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, na mchanga uliolowa katikati. Dawa iwekwe katika kikopo kikavu ndani ya mtungi mdogo, na juu pafunikwe kwa kitambaa kilicholowa. Mitungi ikae kivulini penye upepo, na mchanga uongezwe maji kila unapokauka. Maji yanapokauka huondoka na joto. Njia hii hufanya kazi vizuri zaidi mahali pakavu kama Garissa. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, ubaridi wake ni mdogo, lakini bado huikinga dawa na joto la mchana.

5. Usiitikise chupa kamwe. Insulini yenye ukungu, kama ile ya mchanganyiko ambayo wengi hupewa, izungushwe polepole kati ya viganja mpaka ukungu uenee sawasawa. Ile isiyo na ukungu haihitaji kuzungushwa.

6. Itazame kila siku kabla ya kuvuta dawa. Insulini isiyo na ukungu ikiwa na wingu au nyuzi ndani yake, itupe. Ile yenye ukungu ikibaki na mabonge au ikiganda pembeni mwa chupa kama umande mweupe, itupe pia.

7. Insulini inaweza kudhoofika kabla jicho halijaona. Sukari ikipanda siku kadhaa bila sababu, ilhali chakula na kipimo cha dawa ni vile vile, badilisha chupa na uende kliniki. Nenda na ile chupa ya zamani, uionyeshe.

8. Usiache kujidunga kwa sababu unaishuku dawa. Tafuta nyingine siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye kisukari anayehitaji insulini akikosa dawa, hata kwa siku moja, anaweza kuingia hatarini. Ukiona ana kiu kisichoisha, anakojoa mno, anatapika, anapumua kwa nguvu na kwa kasi, au pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Mzee mmoja niliyemweleza habari hizi aliniuliza, “Kwa hivyo daktari, ni kama vile dawa inachoka kujikunja?” Nikamwambia amefahamu. Kazi ya zinki, ya mtungi, na labda siku moja ya lile boga dogo, ni kuisaidia isichoke kabla haijafika mwilini.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaeleza utunzaji wa miguu kwa mwenye kisukari, na kwa nini kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa zaidi.